Mshono Wangu Juu ya Mlingoti

Mlionipigia simu wiki nzima kuuliza kama ni kweli nilimpa marehemu sifuri: ni kweli. Nilimpa kabla vumbi halijatulia.

Kwa aliyekosa gazeti lililopita nitasema kwa ufupi. Mimi ni Evaline, fundi wa nguo hapa Mpanda. Pia ni mwandishi wa kundi la Macho Juu, watu thelathini na kitu tunaopenda ndege kuliko wengine wanavyopenda mpira. Tunasimama nje ya waya wa kiwanja kidogo cha vumbi, ng'ambo ya Misunkumilo, tunapiga picha ndege ya mizigo inapotua, na kila inapotua tunaipa alama. Ikigusa ardhi kama unyoya, kumi. Ikidunda, tano. Alama natangaza mimi, kwa sababu kalamu yangu ni kali na watu hucheka.

Jumanne ile Kijivu, ndivyo tulivyoiita ile ndege ya injini moja, ilitua kwa kasi, ikaimaliza njia yote, ikaingia korongoni. Onesphore, rubani wake, alikufa pale pale. Damiano, mpakiaji, alikufa kwenye gari kabla ya kufika hospitali. Hapo ndipo nilipoishia.

Sasa sikilizeni nilichofanya baada ya hapo.

Jioni ile ile, nguo zangu zikiwa bado na udongo wa korongo, kundi lilikuwa linabishana kwenye simu. Mmoja alisema injini. Mwingine alisema mzigo ulizidi. Mimi nilikuwa na video. Niliitazama mara moja tu, nikaona vumbi la magurudumu likikimbia kuipita pua ya ndege, nikajua upepo ulikuwa unaisukuma kwa nyuma. Ndege hutua ikiukabili upepo. Hilo hata mtoto wa Macho Juu analijua. Nikaandika hivi:

“Rubani anayetua na upepo mgongoni ni dereva anayefumba macho mteremkoni. Leo hatukuwa na bahati mbaya. Tulikuwa na rubani mbaya. Sifuri.”

Niliyasoma mara tatu kabla ya kuyatuma. Nilipenda yalivyokaa mdomoni.

Kufikia asubuhi maneno yale yalikuwa yamefika Dar es Salaam na kurudi. Mtangazaji wa redio aliyasoma kwenye kipindi cha asubuhi, akayarudia, akasema huyu dada wa Mpanda ana ulimi. Wateja walinipongeza. Niliwashukuru.

Sikuandika neno mkimbizi. Lakini chini ya maneno yangu watu wengine waliliandika. Onesphore alizaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi. Wazazi wake walitoka Burundi, wakapata uraia yeye akiwa bado shuleni, naye akasoma mpaka akarusha ndege. Jumatatu alikuwa fahari ya mkoa. Jumatano alikuwa “mkimbizi aliyepewa ndege.” Kampuni yake nayo haikuchelewa, ikatoa taarifa ya mistari minne kwamba dalili za awali zinaonyesha uzembe wa rubani.

Damiano hakuandikwa na mtu. Mpakiaji hapewi alama.

Alhamisi mchana nilikuwa kwenye cherehani, namkunjia sketi mteja wangu Tereza, muuza maharage sokoni, mtu ambaye ndege anaijua kwa kelele yake tu. Akaomba aione hiyo video ambayo mji mzima unaizungumzia. Nikampa simu, nikaendelea kushona. Alitazama, akaguna, akarudisha nyuma, akatazama tena.

“Eva, hiki kitambaa cha juu ya mti ni cha nini?”

Nikamwambia kinaonyesha upepo.

“Sasa mbona kimelala? Kanga yako inapepea mpaka inaziba picha, lakini chenyewe kimelala kama kimekufa.”

Mguu wangu ulisimama kwenye pedali. Nikamnyang'anya simu.

Ilikuwa kama alivyosema. Kanga yangu ilikuwa inachapa kioo cha kamera. Vumbi lilikuwa linakimbia. Na juu ya mlingoti, soksi ya upepo ilikuwa inaning'inia kama titi la mbuzi aliyekamuliwa.

Soksi ile niliishona mimi.

Kwa asiyejua, soksi ya upepo ni nguo ndefu yenye mdomo wazi, inayofungwa juu ya mlingoti kando ya njia ya ndege. Upepo ukiijaza inanyooka, na rubani akipita juu anaona upepo unaelekea wapi na una nguvu kiasi gani. Ikilala, maana yake hewa imetulia, tua upande wowote unaotaka.

Ya zamani ilikuwa imeliwa na jua ikabaki nyuzi. Onesphore mwenyewe alituambia, yeye upande wake wa waya na sisi upande wetu, kwamba pale kwetu anategemea moshi wa Nyanda. Nyanda ni mlinzi wa kiwanja, Msukuma mmoja mtu mzima, mpole. Akisikia injini alikuwa anawasha majani mabichi, moshi unalala kufuata upepo, rubani anausoma kutoka juu.

Nikamwambia nitamshonea soksi mpya. Nilisema kwa sauti ili wote wasikie.

Kitambaa kinachofaa ni chepesi. Nilijua, nilikuwa nimesoma. Lakini chepesi ndicho kilichochanika, na kazi yangu mimi haichaniki. Nikanunua turubai la lori, la rangi ya machungwa. Nikalishona mara mbili, pindo nikalikunja mara tatu, na kwenye pindo nikaweka alama yangu ninayoiweka kwenye kila nguo inayotoka mkononi mwangu: mishono mitatu midogo ya uzi mwekundu.

Siku ya kuipandisha, Nyanda aliipima kwa mkono. “Nguo hii nzito, binti,” akasema. “Upepo wetu huu hautaiamsha.”

Maiko akamuuliza yeye amewahi kurusha ndege gani. Tulicheka wote, na mimi nilicheka zaidi. Maiko ni mwenyekiti wetu, anauza makava ya simu karibu na soko, na akisema jambo amesema. Akamwambia Nyanda aache na moshi wake pia, soksi ipo, tena moshi unatuharibia picha, kiwanja kinaonekana kama tanuru la mkaa.

Nyanda akaacha. Tulimwambia aache kwa ajili ya picha.

Wiki iliyofuata Onesphore alikuja dukani kunishukuru. Akaona uzi mwekundu kwenye nguo zilizotundikwa, akauliza ni nini, nikamweleza. Akasema nimshonee mama yake gauni la kitenge, na alama hiyo isikosekane, ili mama ajue kwamba fundi aliyemshonea yeye ndiye anayemlinda mwanawe angani.

Basi Alhamisi ile nilimpa Tereza sketi yake ikiwa haijaisha pindo, nikafunga duka, nikaenda kwa Maiko.

Aliitazama video bila kukaa. “Nani mwingine ameona?”

“Mteja.”

“Anajua alichokiona?”

“Hajui.”

“Basi hakijaonekana. Futa.”

Nikamwambia watu wawili wamekufa. Akasema kufuta au kutofuta hakutawafufua, na kwamba wakaguzi wanakuja Jumatatu. Wakiikuta ile soksi juu watauliza nani aliipandisha, kwa ruhusa ya nani, na kwa nini mlinzi aliacha moshi. Akanivuta nyuma ya kabati la vioo, akashusha sauti.

“Eva, sisi ni washabiki. Mshabiki hapewi kadi nyekundu. Na wewe umeshaandika kwamba ni rubani, nchi nzima inakunukuu. Leo useme ni wewe?”

Hilo liliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshalifikiria njiani, kabla yake. Sikuwa nimemfikiria Onesphore kwanza. Wala Damiano. Nilifikiria yale maneno yangu mazuri, na itakuwaje kuyala.

Nikakubali. Andikeni hivyo hivyo: nilikubali. Tukapanda pikipiki yake tukaenda kuiteremsha soksi na kuichoma.

Mlingoti ulikuwa mtupu.

Nyanda alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, anatutazama tunavyotazama juu. Alitusubiri tuulize. Maiko akauliza.

“Alikuja dada yake rubani, yule Rosine,” Nyanda alisema. “Asubuhi. Akaniuliza kaka yake alitazama nini mara ya mwisho. Nikamwonyesha. Akaniomba, nikamshushia.”

Maiko alimfokea kwamba ametoa ushahidi wa serikali, kwamba atafungwa. Nyanda alinigeukia mimi.

“Si wewe umeandika kwamba ni rubani, binti? Sasa nguo ina kosa gani?”

Nikautazama tena mlingoti mtupu.

Maiko akapata mpango mwingine. Mazishi yalikuwa Ijumaa. Jumamosi tungekwenda Mishamo kama kundi kuhani msiba, tubebe mchele, sukari na sabuni, na katika mazungumzo tuiombe ile soksi kama kumbukumbu ya Macho Juu. Njia nzima alinifundisha. Nisalimie, niinamishe kichwa, nisiongee sana. “Ukianza kuongea wewe,” alisema, “hatutatoka.”

Kundi lilisema litakuja. Tulikwenda wawili.

Rosine alitupokea uani. Ni binti wa umri wangu, mwembamba, macho yamevimba. Aliupokea mfuko wa mchele, akashukuru, kisha akanitazama vizuri.

“Wewe ndiye wa sifuri.”

Wanawake waliokuwa wanachambua maharage wakainua vichwa.

“Mwache aingie,” ilisema sauti kutoka ndani. “Ametoka mbali.”

Mama yake Onesphore anaitwa Médiatrice. Alikuwa ameketi mkekani, amenyoosha miguu, na amevaa gauni langu. Kitenge cha kijani chenye maua ya njano. Nililijua kabla sijamjua yeye. Bega la kushoto lilikuwa limemkaa vizuri kuliko nilivyotarajia, na nilichukia kwamba nililiona hilo.

Alitukaribisha kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kirundi, akaniita mwana wanje, mwanangu. Maiko akatoa pole ya kundi zima, kwa maneno ya kwenye mikutano. Mama akaitikia. Kisha akatuambia, kama anayesimulia habari za jirani, kwamba picha ya Onesphore na kofia yake ilikuwa ukutani shuleni alikosoma, ofisini kwa walimu, na kwamba siku redio iliposema ni kosa lake, picha ilibanduliwa.

“Ukuta umebaki na weupe wa mraba,” alisema. “Watoto wananiambia. Wanadhani sijui.”

Maiko akakohoa, akaanza kuizungukia habari ya soksi. Mama hakumsikiliza. Alikuwa ananitazama mimi.

“Uliandika upepo ulikuwa mgongoni.”

“Ndiyo, mama.”

“Ni kweli?”

“Ni kweli.”

“Haya. Na nani alimwambia upepo umetulia?”

Rosine aliingia chumba cha ndani akatoka na turubai la machungwa limekunjwa kama shuka. Akamwekea mama yake mapajani.

“Mimi nafuma vikapu,” Médiatrice alisema. “Ndege siijui. Kazi ya mkono naijua. Nimeishika nguo hii tangu aliponiletea huyu, nikaiona nzito. Jana baada ya kaburi ukaja upepo wa kung'oa mabati. Nikamwambia Rosine aitundike kambani pamoja na shuka. Shuka likapaa. Hii haikujali.” Akaipapasa. “Mwanangu alipita juu akaiangalia, ikamwambia hakuna upepo.”

Nimewasikia wataalamu wengi kwenye kundi letu, wanaojua majina ya ndege zote za dunia. Hakuna aliyeliona. Mama huyu aliliona kwa kamba ya nguo.

Maiko aliharakisha kusema kwamba mambo hayo ni ya kitaalamu, wakaguzi ndio watakaoamua, na kundi lingefurahi kuitunza hiyo soksi. Akanyoosha mkono. Rosine alisogea akakaa katikati yake na mama.

Médiatrice akawa anaizungusha nguo polepole, kama mtu anayetafuta mwanzo wa kikapu. Alipofika kwenye pindo akaacha. Akalamba kidole, akafuta vumbi. Mishono mitatu ya uzi mwekundu.

Kisha akainama, akashika pindo la gauni lake mwenyewe, akalipindua.

Akayaweka mapindo mawili pamoja juu ya goti.

“Fundi mmoja,” alisema.

Nje mtu alikuwa anamwaga maharage kwenye sufuria. Sijui kwa nini nakumbuka hilo.

“Onesphore aliniambia ni fundi wa Mpanda, mwanamke, hodari sana. Jina hakulitaja. Nyie mnakaa Mpanda. Mnamjua?”

Kabla sijavuta pumzi Maiko alikuwa ameshajibu. “Tulimjua, mama. Alihama. Nadhani yuko Sumbawanga siku hizi.” Alisema bila kupepesa, kama anavyomwambia mteja kava hili ni halisi. Pale mkekani mguu wake ukaugusa wangu.

Nilikuwa nimeokolewa. Kulikuwa na jina la mji, kulikuwa na mtu aliyehama, na hakuna aliyetushuku. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, kazi ambayo watu wengi huifanya bila kusomea.

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu. Akamwagiza Rosine alete daftari na kalamu. Nikadhani ni za kuandika majina ya waliokuja msibani. Rosine alizileta, na mama akamwonyesha kwa kidevu: mpe yule.

“Wewe unaandika vizuri,” aliniambia. Hakuwa na kejeli, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. “Maneno yako yote ninayo kichwani, walivyokuwa wanayarudia. Niandikie barua. Huyu kaka atamfikishia huyo fundi, kama anajua aliko.”

“Nitamfikishia,” Maiko alisema.

Nikafungua daftari. Kalamu iliteleza, nikaifuta kwenye sketi.

“Anza na salamu. Mwambie sina kesi naye. Mwambie gauni ni zuri na nililivaa nikimzika mwanangu. Mwambie wakaguzi wanakuja Jumatatu. Mimi nikisema, watasema ni mama analia. Tena mama wa Mishamo. Rosine akisema, watasema ni dada. Fundi akisema watasikiliza, kwa sababu nani atajisingizia kosa kama hili? Mwambie aje aseme jambo moja tu. Aseme mwanangu alitazama juu, akaona alichoonyeshwa, akakiamini. Na yule mwenzake aliyekufa naye, Damiano, aliamini kwa sababu yeye aliamini. Basi. Mwambie aseme hivyo, halafu picha irudi ukutani.”

Alisema polepole ili mkono wangu umfuate. Mkono wangu ulikuwa unatembea. Rosine aliutazama ukitembea. Maiko naye aliutazama, kutoka upande wa bega langu, na taratibu nikahisi vidole vyake vikikishika kiwiko changu, kwanza kama kaka, kisha kama polisi.

“Imetosha,” mama alisema. “Umeandika yote?”

“Nimeandika.”

“Nisomee, mwana wanje. Nisikie kama imekaa vizuri.”

“Isome kama alivyosema,” Maiko alininong'oneza bila kusogeza midomo. “Eva. Kama alivyosema.”

Mama alikuwa amefumba macho ili asikie. Mapindo mawili yalikuwa bado juu ya goti lake, uzi mwekundu kwa uzi mwekundu.

Aliyoyasema yangejaza ukurasa. Kwenye ukurasa wangu kulikuwa na mstari mmoja, niliokuwa nimeupitia kwa kalamu tena na tena: Fundi ni mimi.

Maneno yangu yamesomwa redioni, nchi nzima ikayarudia, wala sikutetemeka. Haya yalikuwa matatu tu, na niliyaacha wazi mapajani mpaka Rosine akainuka, akaja kusimama nyuma yangu, aone nilichoandika.